Naomba ushauri: nimpeleke mama kilimani au njia ya tambarare, Isle of Wight?

Habari zenu wakuu. Mama yupo kwangu hapa Southampton, na Oktoba nataka kumpeleka kwenye tamasha la matembezi la Isle of Wight, kisiwa kilichopo kusini mwa Uingereza. Watu hutembea kwa makundi, na kila kundi lina kiongozi anayeijua njia.

Mama ni mtu wa Lushoto, milima si kitu kigeni kwake, ila umri umesogea na goti humsumbua akishuka kuliko akipanda. Ninayoitamani ni njia ya kutoka Freshwater Bay, mnapanda kilima cha Tennyson Down hadi Needles, yale majabali meupe yaliyosimama baharini. Kilele ni kama mita 147 tu, nyasi fupi, na bahari unaiona kusini na kaskazini. Hofu yangu ni kwamba ukingo wa jabali juu ya bahari hauna uzio sehemu kubwa, upepo wa juu ni mkali, na ardhi yake ya chaki ikilowa huteleza vibaya.

Mliowahi kutembea na makundi haya, mwendo wao ukoje? Kiongozi huwasubiri wanaobaki nyuma? Nimweleze mapema habari ya goti? Mama hapendi kabisa kuonewa huruma, na sitaki ajisikie mzigo mbele ya watu. Au tuchukue njia ya kando ya mto Yar, Yarmouth hadi Freshwater, palipopita reli zamani? Ni tambarare, lakini najua moyo wake uko kilimani.

Na fimbo je, moja au mbili? Naomba majibu kabla sijaandikisha majina yetu.