Mjadala: Alama za muhula wa Ulaya ziingie kwenye GPA, au iandikwe "amefaulu" tu?

Shina la Mpingo (mleta mada)

Wakuu, kila msimu wa Erasmus+ (mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi) ukifika idara zinavutana kwenye jambo hilihili. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anakwenda Ujerumani muhula mmoja, anarudi na ECTS 30, yaani krediti za mfumo wa Ulaya. Kuna wanaotaka alama zake zigeuzwe ziingie kwenye GPA, ule wastani wa pointi unaoamua daraja la shahada. Wengine tunataka krediti zihesabiwe ila alama ziishie mlangoni.

Shahada ya miaka mitatu kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ina krediti 360. Muhula ni krediti 60, sehemu ya sita nzima. Chukua mwanafunzi mwenye wastani wa 3.4 kwa krediti 300 za nyumbani. Kule anapata wastani wa 2.0 ya Kijerumani, ambayo huku huwa inageuzwa kuwa 4.0. Piga hesabu: (3.4 × 300 + 4.0 × 60) ÷ 360 = 3.5. Kalala daraja la pili la chini, kaamka la juu. Mwenzake aliyebaki na 3.4 ileile hana mtihani wa Ujerumani wa kumpandisha. Nafasi zenyewe ni chache, huwezi kusema kila mtu angeweza kwenda.

Daftari Jekundu

Hiyo 0.1 ameifanyia mitihani, hajaokota njiani. Na mbona umetaja anayepanda tu? Mwenye 3.5 akienda akapata wastani wa 3.3 ya Kijerumani, huku inakuwa 2.7. Weka kwenye hesabu yako: inatoka kama 3.37, ameshuka daraja. Anayekwenda anabeba hatari pande zote mbili.

Kwa wasioijua hesabu hii: Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umeanguka. Kinachotumika ni kanuni ya Bavaria, ya kugeuza alama za nje kuwa za Kijerumani, ikiwa imepinduliwa: 5 − (alama ya Kijerumani − 1) × (5 − 2) ÷ 3. Ile 5 ya mwanzo ni kilele chetu, 2 ni alama yetu ya kufaulia. Kosa baya ni karani kuona 2.0, akadhani ni pointi zetu, akaandika C. Huyo kamshusha mtu kutoka B+.

Ukiweka "amefaulu" tu, umemwambia mwanafunzi atafute 4.0 ya Kijerumani, muda uliobaki atembee. Hilo silitaki.

Mwenda Pole

Mnagombea alama na krediti zenyewe hazijafika.

Krediti moja ya TCU ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. ECTS moja ni saa 25 hadi 30, na Ujerumani huhesabu 30. Moduli ya ECTS 5 kwa hiyo ni saa 150, sawa na krediti zetu 15. Lakini ukihesabu kwa mwaka, ECTS 60 ni mwaka mmoja na kwetu mwaka ni krediti 120, kwa hiyo moduli ileile inakuwa krediti 10. Kozi ya nyumbani inayotakiwa kufidiwa ina krediti 12. Mkuu wa idara anayefuata saa atakwambia umezidisha, anayefuata mwaka atakwambia unadaiwa 2. Na kozi ikiwa inafundishwa mara moja kwa mwaka, hizo 2 zinaweza kukugharimu mwaka mzima.

Dawa ni makubaliano ya masomo, ile fomu inayosainiwa na watatu: mwanafunzi, chuo chake na chuo mwenyeji. Watu hujaza kozi za kule wakaacha upande wa kozi za nyumbani zitakazofidiwa. Jaza kozi kwa kozi, uwiano wa krediti uandikwe humohumo, na saini zote zipatikane kabla ya tiketi. Kule kozi ikifutwa au ukakuta inafundishwa kwa Kijerumani, badilisha fomu ndani ya wiki 5 za mwanzo wa muhula. Usingoje kurudi.

Jingine linaloumiza wengi: Ujerumani kujiandikisha kwenye kozi si kujiandikisha kwenye mtihani. Mtihani una dirisha lake, na mara nyingi hufungwa wiki kadhaa kabla. Ukahudhuria muhula mzima bila kujiandikisha, hakuna alama ya kubishania.

Shina la Mpingo

Mwenda Pole, la krediti nalikubali lote. Daftari, kanuni ya Bavaria ni mstari ulionyooka, na utoaji wa alama haujanyooka. Penye nusu ya darasa kupata 1.7, hiyo 1.7 si sawa na ile inayopatwa na mmoja kati ya kumi. Mwongozo wa ECTS wenyewe unapendekeza majedwali ya mgawanyo wa alama, upange mwanafunzi alisimama wapi kati ya wenzake. Bila jedwali la kule na la kwetu, 4.0 yako ni makisio yenye nukta.

Pwani hadi Ziwa

Msidhani hili ni la Wazungu tu. Dar es Salaam na Makerere wote wana kipimo cha 5. Lakini Dar 70 ni A, pointi 5, na Makerere A inaanzia 80. Maksi 72: Dar pointi 5, Makerere 4. Maksi 45: Dar umepata C, Makerere umeanguka, kule kufaulu ni 50. Na hawa miaka ya 1963 hadi 1970 walikuwa chuo kimoja pamoja na Nairobi, mtu akitaka udaktari anakwenda Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar! Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017. Bado ukihamisha pointi badala ya maksi ghafi, umempunja mtu.

Daftari Jekundu

Basi tuhamishe maksi ghafi panapowezekana, na panaposhindikana kanuni itangazwe kabla mtu hajaondoka. Shina, hoja yako ya jedwali inataka jedwali. Haifiki kwenye kufuta alama.

Shina la Mpingo

Mpaka jedwali lipatikane, "amefaulu". Likipatikana nitahamia kwako.

Mwenda Pole

Kwa wanaosoma kimya na fomu ziko mezani: angalieni kalenda kwanza. Ujerumani muhula wa kiangazi masomo huanza Aprili, unaweza kumaliza UE (mitihani ya mwisho wa muhula) za Februari ukaondoka. Sweden muhula wa masika huanza katikati ya Januari, UE zako hujazifanya. Coursework (alama za kazi za muhula) ya asilimia 40 unayo, ile 60 inaning'inia. Ombeni kwa barua kuahirisha UE mapema, mtafanya mtihani maalumu wakati wa supu, yaani mitihani ya marudio. Ukiondoka bila barua utahesabiwa umetoroka mtihani. Na wenye boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) waulize dawati la mikopo chuoni jinsi ya kusaini wakiwa nje, kabla hawajapanda ndege.