Leseni ya kuendesha basi la shule lililogeuzwa kuwa nyumba, Texas: je, ni lazima niwe na CDL, yaani leseni ya udereva wa kibiashara?

Mwana wa Pangani

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaishi Fort Worth na nina leseni ya kawaida ya Texas ya Daraja C. Kabla ya kuja huku niliendesha mabasi ya abiria kati ya Tanga na Dar es Salaam kwa miaka sita, nikiwa na leseni ya Tanzania ya Daraja C, ambayo kwetu ndiyo ya magari ya abiria. Nilipofika hapa nilishangaa kukuta kwamba herufi hiyo hiyo ni ya gari dogo la familia, na kwamba leseni yangu ya nyumbani haikunipunguzia hata jaribio moja.

Sasa nimeliona basi la shule linalouzwa kwenye mnada. Ni la njano, lenye boneti mbele, injini ya DT466, gia otomatiki na siti za watoto 71. Nia yangu ni kuzing'oa siti zote na kuweka vitanda, jiko, tangi la maji na choo, ili mama yangu atakapokuja kututembelea kutoka Pangani niweze kuwapeleka yeye na wanangu wanne hadi Grand Canyon. Mama ana maumivu ya magoti, hawezi kukaa ndani ya gari dogo kutwa nzima, na sitaki aje Marekani aishie kuona kuta za nyumba yangu.

Nimewauliza watu watatu na nimepata majibu matatu. Mmoja amesema gari lolote lenye breki za upepo ni la CDL. Wa pili amesema siti zikishatoka basi hilo ni gari la kawaida, niendeshe tu. Wa tatu amesema yote yanategemea uzito. Naomba mwenye kujua kwa hakika anieleze, na pia anishauri namna ya kulitoa kwenye uwanja wa mnada hadi nyumbani, kwa kuwa ni mwendo wa maili arobaini hivi.

Dereva wa Masafa

Kaka, hongera kwa nia hiyo, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Nina CDL ya Daraja A na nimevuta matela kwa miaka kumi na moja. Kila mmoja wa hao watatu ameshika kipande cha ukweli, lakini wamechanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha.

Jambo la kwanza ni CDL yenyewe. Hii ilitokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, na ilikusudiwa kwa magari ya kazi. Gari huingia humo likiwa na uzito ulioidhinishwa wa paundi 26,001 au zaidi, yaani karibu kilo 11,800, au likiwa limeundwa kubeba watu 16 na kuendelea pamoja na dereva, au likibeba shehena ya hatari inayotakiwa kuwekewa mabango. Lakini vipimo hivyo vinahusu gari linalotumika katika biashara. Mtu anayeendesha nyumba yake ya magurudumu kwa matembezi ya familia, bila kulipwa, hayumo katika kundi hilo. Kwa hiyo safari ya mama yako haihitaji CDL.

Jambo la pili ndilo watu wengi hulisahau, nalo ni daraja la leseni ya kawaida. Kila jimbo lina mpango wake. Florida inaruhusu nyumba ya magurudumu kubwa kwa leseni ile ile ya gari dogo. New York inadai nyongeza ya R kwenye leseni pale uzito ulioidhinishwa unapozidi paundi 26,000, na nyongeza hiyo hupatikana kwa jaribio la barabarani. Texas yako inasema kwamba gari moja lenye uzito ulioidhinishwa wa paundi 26,001 au zaidi ni la Daraja B, hata kama ni la matembezi. Hiyo inaitwa Daraja B isiyo ya biashara. Utajaza fomu ya kuthibitisha kwamba gari lako limesamehewa CDL, utafanya jaribio la maandishi, kisha jaribio la kuendesha ukitumia gari la daraja hilo.

Nasisitiza neno "ulioidhinishwa". Hatuzungumzii uzito utakaousoma kwenye mizani baada ya kutoa siti. Tunazungumzia namba aliyoipiga mtengenezaji kwenye kibao, ambayo haishuki hata ukibakiza bati tupu na injini. Nenda kakitafute kibao hicho: kwa mabasi ya shule mara nyingi kipo juu ya kioo cha mbele upande wa ndani, au ubavuni mwa kiti cha dereva. Futa vumbi, tafuta herufi GVWR, kisha rudi hapa utuambie namba.

Mama Neema

Shikamoo kwa wakubwa, na wengine habari zenu. Sisi tuko California na tuna basi letu tangu mwaka 2019, kwa hiyo nitaongeza niliyoyapitia.

Huku kwetu kipimo ni urefu. Nyumba ya magurudumu isiyozidi futi 40 inaendeshwa kwa leseni ya kawaida, hata ikiwa nzito; ikizidi futi 40 hadi 45, unatakiwa kuwa na Daraja B isiyo ya biashara. Letu lina futi 37, na mume wangu hakubadilisha leseni. Tulipokwenda Arizona na Nevada tulienda kwa leseni hiyo hiyo, kwa sababu majimbo huiheshimu leseni halali ya jimbo unaloishi. Kwa hiyo kaka, usihangaike kusoma sheria ya kila jimbo mtakalopita kuelekea Grand Canyon. Timiza ya Texas kikamilifu.

Lililotuumiza sisi halikuwa leseni. Lilikuwa hati ya umiliki. Tulinunua basi, tukang'oa siti, tukaweka vitanda, lakini kwenye karatasi liliendelea kuitwa basi. Kampuni ya bima ilitupokea kwa simu, ikachukua fedha ya miezi miwili, kisha ilipoiona hati ikafuta bima kwa barua tukiwa tayari tumeshafunga mizigo. Nilikaa jikoni mwa basi, na watoto wamevaa viatu, nikiwaeleza kwamba hatuondoki. Sitamani mwanamke mwingine apitie asubuhi ile.

Kwa hiyo anza na karatasi. Majimbo kadhaa hulitambua gari kuwa nyumba ya magurudumu likiwa na angalau vitu vinne kati ya hivi sita: jiko, friji, choo, kipasha joto au kipoza hewa, maji safi yenye sinki, na umeme wa nyumbani au gesi. Piga picha kila hatua, tunza risiti zote, na uulize ofisi ya hati ya eneo lako inataka nini kabla hujapiga msumari wa kwanza. Pia ondoa mkono wa alama ya kusimama, taa nyekundu za kuwaka na kuzima, na maandishi ya shule, kisha lipake rangi nyingine. Ile njano ni ya watoto, na dereva wa nyuma akiiona husimama akidhani kuna mtoto anavuka.

Mwana wa Pangani

Nawashukuru sana. Leo nimekwenda kwenye uwanja wa mnada na kukiangalia kibao. Kilikuwa juu ya kioo, kimefunikwa na kibandiko cha zamani cha ratiba, na nilikikwangua kwa ukucha. Kinasema 29,800. Kwa hiyo ni Daraja B, si ndiyo? Na je, kama ningepata basi la paundi chini ya 26,001 ningebaki na leseni yangu ya sasa?

Dereva wa Masafa

Ndiyo, kaka, ni Daraja B. Kuhusu basi jepesi zaidi, jibu lina sharti: Texas inalihesabu basi lenye siti 24 au zaidi kuwa la Daraja B hata likiwa chini ya uzito huo. Siti zikishatoka na karatasi zikabadilika, hapo leseni yako ya sasa ingetosha. Yule aliyekwambia habari ya siti nadhani hili ndilo alilosikia, akalipanua kupita kiasi.

Sasa nijibu swali lako la kulitoa mnadani, kwa sababu naliona kuwa gumu kuliko yote. Siku ile litakuwa bado ni basi la siti 71 kwa macho na kwa karatasi, lina paundi 29,800, na leseni yako haitakuwa imebadilika. Usiliendeshe. Mtafute mtu mwenye CDL inayoruhusu abiria, umlipe siku yake moja, au mwite mwenye winchi ya magari makubwa. Maili arobaini ni chache, lakini ajali ikitokea katika maili hizo, kampuni ya bima itaanza kwa kuitazama leseni ya aliyekuwa nyuma ya usukani. Mtu huyo huyo mwenye CDL atakufaa tena utakapofanya mazoezi na siku ya jaribio, kwa kuwa huruhusiwi kulipeleka peke yako.

Kuhusu breki za upepo, ni kweli hazikulazimishi kuwa na CDL kwenye gari la matembezi, lakini jifunze kana kwamba zinakulazimisha. Najua Tanga uliziendesha, ila naandika kwa ajili ya wasomaji wengine pia. Washa injini, tazama sindano za shinikizo la upepo zikipanda hadi zaidi ya 100 psi, kisha zima, fungua swichi bila kuwasha, na ukanyage pedali taratibu mara nyingi. Sindano zikifika karibu na 60 king'ora lazima kilie. Endelea kukanyaga, kati ya 45 na 20 kile kitufe cha njano cha breki ya kuegesha kitaruka chenyewe na magurudumu ya nyuma yatafungwa na springi. Kisipolia, au kitufe kisiporuka, gari hilo halitoki uwanjani. Fanya hivyo kabla hujatoa zabuni, maana mnada haurudishi fedha.

Na mkia. Basi hilo lina sehemu ndefu nyuma ya ekseli, kwa hiyo ukikata kona kulia, mkia unakwenda kushoto. Usiitazame pua peke yake.

Bin Salum

Nimefuatilia kwa makini, na naomba niongeze jambo ambalo kaka hajaliuliza lakini litamfika. Watu wetu wakisikia una basi, watakuja. Utaambiwa kuna msiba Houston, kuna harusi Oklahoma, kuna safari ya kwaya, na kila mtu atachangia mafuta. Tunapendana na hatupendi kukataa, lakini hapo ndipo msamaha wako wa CDL unapoweza kuvunjika. Ukichukua malipo ya kubeba watu, hiyo ni biashara, na kwa paundi 29,800 unatakiwa kuwa na CDL ya Daraja B. Ukiwa umebakiza siti za watu 16 pamoja na dereva, utahitaji pia kibali cha abiria. Makanisa, misikiti na vyama visivyo vya faida havikusamehewa katika hilo la abiria. Na tangu tarehe 7 Februari 2022, mtu anayechukua CDL ya Daraja B au kibali cha abiria kwa mara ya kwanza lazima apite mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa, hata kama aliendesha mabasi Tanga miaka sita.

Mimi nilikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana wakati mmoja wetu alipokubali kubeba watu namna hiyo. Hakuna aliyeumia, lakini alisimamishwa barabarani usiku, watu ishirini wakabaki kituo cha mafuta wakisubiri magari ya ndugu, na mazishi tukayakosa. Alikuwa mtu mwema aliyetaka kusaidia. Kaka, weka siti zenye mikanda kwa ajili ya familia yako tu, na ukiombwa, onyesha idadi ya siti.

Mwana wa Pangani

Bin Salum, umenigusa, maana juzi tu mjomba wa mke wangu ameshaniuliza kuhusu harusi ya mwezi wa nane. Nitamweleza kwa adabu. Nimempata Mkongo mmoja wa hapa Fort Worth mwenye CDL inayoruhusu abiria, tutakwenda naye mnadani Jumamosi kujaribu breki jinsi Dereva wa Masafa alivyoelekeza. Swali langu la mwisho: nikitaka kuivuta Corolla yetu nyuma ya basi, daraja linabadilika?

Dereva wa Masafa

Halibadiliki. Daraja B inakuruhusu kuvuta chombo chenye uzito ulioidhinishwa usiozidi paundi 10,000, na Corolla haifiki hata nusu ya hapo. Ukipita paundi 10,000 ndipo Daraja A inapoanza. Jumamosi mkifika, kagueni pia tarehe za matairi ya mbele. Ni tarakimu nne ubavuni, wiki kisha mwaka. Tairi la zamani huonekana zima kabisa mpaka lipate joto la barabara ya Arizona, na la mbele likipasuka ndilo linalokunyang'anya usukani.