Naomba ushauri: kitenzi "borrow" kimenitia mashakani

Mnyonge wa Sarufi: Ndugu wanajamvi, naomba mnifafanulie kitenzi cha Kiingereza "borrow". Je, kinamfaa anayetoa fedha au anayezipokea? Naomba jibu la haraka, kwani tangu juzi sipati usingizi.

Kalamu Nyekundu: Kinamfaa anayepokea. Anayetoa hutumia "lend", ambacho katika wakati uliopita huwa "lent". Kinachotuponza ni "azima", kwa kuwa tunasema "nimeazima kalamu kwake" na pia "niazime kalamu", kitenzi kilekile kikielekea pande mbili. Hata hivyo, Kiswahili hutenganisha kuazima, ambako hurudishwa kitu kilekile, na kukopa, ambako hurudishwa mfano wake, ilhali Kiingereza huyafunika yote mawili kwa "borrow". Lakini ndugu yangu, sarufi haimnyimi mtu usingizi. Umeliandika wapi neno hilo?

Mama Subira: Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wifi yangu alichukua cherehani yangu kwa siku mbili, na tangu hapo ameshawashonea wanawe watatu sare za shule, nami natia viraka kwa sindano ya mkono.

Mnyonge wa Sarufi: Basi nitasema. Nilimkopesha mwenzangu fedha, nikaandika hati kwa Kiingereza ili ionekane nzito: "I have borrowed him the money." Saini iliyopo ni yangu peke yangu. Sasa anasema, nami sijui kama ni utani, kwamba kwa mujibu wa hati hiyo mdaiwa ni mimi. Sioni kosa langu ni lipi, maana hilo "him" linaonyesha wazi aliyepewa. Tena nimeshaandaa hati ya pili yenye "loaned". Ninachotaka ni kuthibitishiwa neno hilo tu.

Kalamu Nyekundu: "Loan" kama kitenzi ni la kawaida Marekani, hasa kwa fedha, ingawa Waingereza wengi hupendelea "lend". Na kwa haki yako, wapo wazungumzaji wa lahaja fulani za Kiingereza wasemao "borrow me" wakimaanisha "niazime", kwa hiyo msomaji mwenye nia njema atakuelewa. Tatizo ni saini: hati ya pili asiyoitia saini yeye itakuwa barua uliyojiandikia mwenyewe.

Jicho Kavu: Wakuu, mimi nina shaka. Mtu asiyeijua "borrow" ameitoa wapi "loaned"? Hili ni zoezi la darasani lililovishwa vazi la mkasa, nanyi mnamfanyia mwanafunzi kazi yake. Kama hati ipo, aiweke hapa tuione.

Mcheshi wa Zamu: Naomba mniazime dakika tano nicheke, nami nitazirudisha zilezile.

Mnyonge wa Sarufi: Hati ipo, ila siwezi kuiweka hapa. Mwenzangu aliiazima jana akaisome vizuri.