Je, mpigaji wa homurani apunguziwe thamani kwa sababu ya straikauti nyingi?

Mwanabaraza wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum wanajamvi. Pana ubishi uliopiga kambi barazani kwetu tangu msimu wa besiboli wa Marekani uanze, na kwa kuwa michezo ya jioni ya New York hutufikia saa nane za usiku, wanaokesha kuitazama ni wachache na kila mmoja ana msimamo asiotaka kuuachia. Binamu yangu anashikilia kwamba mpigaji anayetolewa kwa straikauti, yaani kwa kukosa mara tatu bila ya kuuchezesha mpira, mara mia mbili katika msimu mmoja ni hasara kwa timu, hata akipiga homurani, yaani kupeleka mpira nje ya uwanja, mara arobaini, kwa sababu straikauti ni auti, yaani kutolewa, isiyo na tija yoyote: mpira haukuchezwa, mkimbiaji hakusogea, wala hakuna mlinzi aliyelazimika kuudaka na pengine kuuangusha.

Mimi humjibu kwa Aaron Judge wa New York Yankees, ambaye mwaka 2017, msimu wake wa kwanza kamili, alipiga homurani 52 akatolewa kwa straikauti mara 208, na bado akachaguliwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake. Binamu hunirudishia Joe DiMaggio, mpigaji wa zama za kale, homurani 361 na straikauti 369 katika maisha yake yote ya uchezaji, na hapo mimi hukosa la kusema. Naomba wenye kuufahamu mchezo huu watufafanulie: je, straikauti huigharimu timu kuliko auti nyingine, na kama ndivyo, ni kwa kiasi cha kumshusha mpigaji wa aina hii?

Mwalimu wa Hesabu, Malindi

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Timu ina auti tatu katika kila zamu na zamu tisa katika mchezo, yaani auti 27, na hiyo ndiyo mali yake yote. Swali la kwanza la kumuuliza mpigaji yeyote ni ametumia auti ngapi na ameleta nini. Namna alivyotoka ni swali la baadaye.

Binamu yako anasema kweli kwamba mpira ukiguswa huenda likatokea jambo la heri, lakini anasahau kwamba huenda pia likatokea la shari. Chukua mkimbiaji aliye besi ya kwanza, kati ya vituo vinne anavyopaswa kuvizunguka ili alete pointi, auti haijafika mbili, na mpigaji akabiringisha mpira kuelekea kwa mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu. Mpira hutupwa besi ya pili, kutoka hapo hutupwa ya kwanza, na pigo moja limekula auti mbili. Aliyekosa mpira mara tatu amepoteza auti yake peke yake. Ukijumlisha heri na shari hizo kwa msimu mzima, tofauti kati ya straikauti na auti ya kawaida hubaki ndogo mno, sehemu ndogo ya pointi moja, ilhali homurani haiwezi kuleta chini ya pointi moja kamili.

Tazama pia waliotangulia. Babe Ruth aliongoza ligi yake kwa straikauti katika misimu mitano, na hakuna anayemkumbuka kwa hilo. Reggie Jackson ndiye mwenye straikauti nyingi kuliko wote katika historia ya ligi kuu, 2,597, naye aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima mwaka 1993. Kyle Schwarber mwaka 2023 alikuwa na wastani wa kupiga wa 0.197, yaani alipata pigo salama, la kumfikisha besi, chini ya mara mbili katika kila kumi, jambo ambalo zamani lingemfukuzisha kazi, na straikauti 215. Lakini alipiga homurani 47 na kupewa besi za bure 126 kwa kukataa mipira mibaya, hivyo kiwango chake cha kufika besi kikawa 0.343. Mtu anayefika besi kiasi hicho hafujii timu auti zake, hata kama machoni anaonekana mzembe.

Bi Mshela, Shela

Mwalimu, hesabu ya msimu mzima nakukubalia. Ila mchezo hauchezwi kwa wastani. Huchezwa katika hali maalumu, na zipo hali ambazo straikauti ni mkosi kuliko auti nyingine yoyote. Mkimbiaji akiwa besi ya tatu na auti ni moja au hakuna, mpira wowote wa juu wenye kina unaleta pointi hata ukidakwa, kwa kuwa mkimbiaji huruhusiwa kutimka baada ya mpira kudakwa.

Mfano nilioushuhudia kwa macho yangu kwenye televisheni ni mchezo wa tano wa fainali ya mwaka 2015 kati ya Kansas City Royals na New York Mets. Royals ndiyo timu iliyotolewa kwa straikauti mara chache kuliko zote msimu ule. Zamu ya tisa, Mets wanaongoza 2 kwa 1, Eric Hosmer yuko besi ya tatu na auti ni moja. Salvador Perez akaugonga mpira kwa unyonge ukabiringika upande wa besi ya tatu. David Wright akauokota, akamtupia Hosmer jicho, kisha akaurusha besi ya kwanza kumtoa Perez. Hosmer hakusubiri: mpira ulipoachana na mkono wa Wright naye akatimka kuelekea nyumbani, kituo cha mwisho, na Lucas Duda aliyeupokea akaurudisha kwa pupa ukampita mdakaji pembeni. Mchezo ukawa sare, na Royals wakaushinda 7 kwa 2 katika zamu ya kumi na mbili wakabeba ubingwa. Pigo lile lilihesabiwa kuwa auti. Lau Perez angekosa mpira mara tatu, Hosmer angebaki pale pale.

Mwalimu wa Hesabu, Malindi

Bi Mshela, mfano wako ni mzuri, lakini fainali ile ile ina mfano wa kinyume. Katika mchezo wa kwanza Royals walikuwa nyuma 4 kwa 3 hadi zamu ya tisa, na kilichowanusuru ni homurani ya Alex Gordon. Hakuna kugusagusa kungeweza kufanya kazi ile kwa pigo moja bila ya mkimbiaji hata mmoja kwenye besi.

Kuhusu DiMaggio, sidhani kama ni haki kumweka kwenye mzani mmoja na Judge. Warushaji wa leo hutupa mpira unaopita kilomita 150 kwa saa, na wakichoka kidogo hubadilishwa na wengine wenye nguvu mpya. Mwaka 2018 straikauti za ligi kuu zilizidi mapigo salama kwa mara ya kwanza katika historia, na hilo liliwakumba wapigaji wa kila aina. Anayekosa leo anakosa mpira ambao DiMaggio hakuwa akiuona kila jioni.

Mkaazi wa Mkomani, Lamu

Mmemsahau Barry Bonds. Mwaka 2004 alipiga homurani 45 na straikauti zake zilikuwa 41 tu, tena katika zama za warushaji wakali. Alikuwa akilishika gongo juu kidogo ya kitako chake, mzunguko wa gongo lake ukawa mfupi, na mipira mibaya hakuigusa. Kwa hiyo nguvu na umakini hukaa pamoja, ingawa nakiri kwamba kumtaja Bonds katika mjadala wowote wa besiboli ni kuleta mtu asiyefanana na mwingine, mbali na tuhuma za dawa za kuongeza nguvu zinazomzunguka.

Bi Mshela, Shela

Asante, Mkaazi. Hapo ndipo nilipotaka tufike. Straikauti 200 za mtu mmoja si sawa na straikauti 200 za mwingine. Yuko anayekosa kwa kuwa anapiga kwa nguvu zote mipira iliyo katika eneo lake, na mibaya anaiacha ipite. Huyo ni Judge, ambaye mwaka ule wa 2017 alipewa besi za bure 127. Na yuko anayekosa kwa sababu mkono wake unaanza kuchelewa. Huyo wa pili homurani zake humfunika kwa misimu miwili au mitatu, na timu haigundui mpaka imekwisha kutia saini.

Chris Davis wa Baltimore aliongoza ligi kuu kwa homurani 47 mwaka 2015, pamoja na straikauti 208. Mwanzoni mwa 2016 alipewa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 161. Mwaka 2018 wastani wake ulishuka hadi 0.168, na kati ya Septemba ya mwaka huo na Aprili 2019 alipita zamu 54 rasmi za kupiga bila pigo salama hata moja, rekodi ambayo hakuna aliyeitamani. Mpigaji wa kawaida mkono ukipungua kasi hubaki na mapigo mafupi ya kumsitiri, ila aliyezoea kuishi kwa homurani na straikauti hana akiba ya namna hiyo.

Mwanabaraza wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote. Binamu amesoma majibu haya hapa pembeni yangu, na sasa anauliza swali jingine: kama Bi Mshela angekuwa ndiye mwenye timu, angemchukua yule wa homurani 45 na straikauti 200, au yule wa homurani 20 na straikauti 60?

Bi Mshela, Shela

Kwanza ningeuliza besi zao za bure. Zikiwa sawa, namchukua wa homurani 45 bila kusita, namweka apige wa pili au wa tatu, na nyuma yake namweka mtu wa kugusa mpira. Lakini awe hajavuka miaka thelathini, na mkataba usizidi minne.