Mama analala mchana, watoto wako macho: mnapitishaje siku ndani ya trela wakati huu wa korona?

BabaRukia (Tucson, Arizona) – 10 Mei 2020

Asalaam aleikum jamaa, na Ramadhani karimu kwa wanaofunga.

Naomba ushauri wa wanaoishi ndani ya trela au basi la kuishi, hasa wenye watoto. Mke wangu ni muuguzi wa mikataba ya wiki kumi na tatu, leo jimbo hili kesho lile, ndiyo maana tuliacha kupanga nyumba tukanunua trela la futi 28 na pikapu ya kulivuta. Kabla ya korona mambo yalikwenda vizuri. Mama akirudi asubuhi, mimi nawatoa watoto: maktaba, bembea, kisha soko. Tukirejea alasiri ameshaamka. Trela lilikuwa la kulia na kulala tu.

Sasa shule za Arizona zimefungwa tangu katikati ya Machi na hazifunguliwi tena mwaka huu wa masomo. Maktaba imefungwa, bembea zimezungushiwa utepe, bwawa la hapa kambini lina kufuli. Amri ya gavana ya kubaki nyumbani, ile iliyoanza 31 Machi, inaisha tarehe 15, lakini kwetu haitabadilisha kitu. Mama yuko wodi ya wagonjwa wa korona, na majirani zetu hapa ni wazee, wengi wamepita miaka sabini. Siwezi kuwaacha watoto wakazurura milangoni mwao.

Anaingia kazini saa moja jioni, anatoka saa moja asubuhi. Futari yangu anaibeba kwenye chombo: tende, chapati na mchuzi. Akirudi anavua viatu na nguo za kazi nje, nyuma ya turubai, zinaingia mfukoni, anaoga, analala. Kati ya kitanda chake na sebule kuna mlango mwembamba wa kusukuma, basi. Mtoto akiruka huku, kule kitanda kinatikisika, maana trela zima limekaa juu ya springi. Rukia ana miaka tisa, mdogo wake mitano. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri kazi yangu ni "shii, shii, mama amelala". Nje adhuhuri ni nyuzi 37. Katuni wamezichoka, na intaneti yetu ni ya kifurushi cha simu, inakatika mwezi haujafika nusu.

Nataka mama apate usingizi wake, na watoto wasiione miezi hii kuwa kifungo. Nyinyi mnafanyaje?

---

MamaHalfani (Houston) – 10 Mei

Pole sana shemeji, na mpe pole dada yetu, Mungu amlinde. Sisi tuko nyumba ya kawaida, lakini mume wangu alikuwa zamu ya usiku miaka mingi. Mambo mawili. Weka feni ya sakafuni mlangoni pa chumba chake, ielekee ukutani. Ule mvumo wake unameza kelele ndogo ndogo. Na madirisha yake yazibe kwa kadibodi uliyoibandika karatasi ya foili, upande unaong'aa utazame nje. Inaleta giza na inapunguza joto pia. Hadithi za kusikiliza pakua usiku ukipata mtandao wa bure wa kambi, watoto wavae spika za masikioni.

---

MzeeWaPangani (Quartzsite, Arizona) – 11 Mei

Waaleikum salaam mwanangu. Tuko barabara moja, I-10, wewe huko Tucson, mimi huku karibu na mpaka wa California. Naishi kwenye basi la kuishi tangu nilipostaafu malori ya masafa marefu, na marehemu mke wangu naye alikuwa mtu wa zamu ya usiku. Kwa hiyo haya ninayokuandikia nimeyaishi.

Dada hapo juu amesema kweli kuhusu feni na foili, fanya leo. Lakini tatizo lako kubwa naliona ni saa. Unawaendesha watoto kwa saa za shule wakati shule haipo. Jangwani hakuna kiumbe anayecheza saa sita mchana. Sungura, ndege, nyoka, wote wamejificha, wanatoka alfajiri na jioni. Wahamishie wanao kwenye saa hizo. Wewe unaamka daku, sivyo? Baada ya sala ya alfajiri waamshe na wao. Toka hapo mpaka saa nne asubuhi hewa ni nzuri, na sehemu kubwa ya muda huo mama hata hajarudi. Hapo ndipo pa kukimbia, kupiga mpira, kuendesha baiskeli, kupiga kelele zote za siku. Masomo nayo yafanyike nje, mezani, chini ya turubai la trela. Saa tano wamechoka. Waoge, wale, walale na mama yao. Huyo wa miaka mitano atalala kweli. Rukia asipolala atakuwa ametulia, na hiyo inatosha.

Turubai lako, angalia chamchela. Mwezi huu zinazuka ghafla, na zikiingia chini ya turubai zinaling'oa pamoja na mikono yake. Ukiondoka mezani, likunje. Viatu vilivyolala nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa ajili ya nge.

Nyumba ya namna yetu ina kazi ambazo watoto wa nyumba za matofali hawazijui, na wanazipenda wakipewa kwa heshima. Mpe Rukia zamu ya matangi. Sasa mko ndani kutwa, tangi la choo linajaa haraka kuliko zamani, na vali yake isiachwe wazi hata kama bomba limeunganishwa, maana maji yatatoka na uchafu utabaki umeganda chini. Yeye awe mtu wa kusoma kipimo kila asubuhi na kuandika daftarini. Kufungua vali ni kazi yako, na glovu mkononi. Mdogo apewe pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha kama trela limelala sawa. Umeme wako nadhani ni wa ampea 30. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi msiwashe maikrowevu, swichi itakatika na mama ataamka kwa joto. Chapati zipike nje kwenye jiko la gesi, alfajiri au baada ya alasiri, na watoto wasukume. Nimesikia hamira imeadimika hadi miji mikubwa, hapa kwetu haipo kabisa, basi mahamri tuyaache, tule chapati.

Kwa zile saa za kimya, wafundishe bao. Usiniambie huna bao. Chukua katoni tatu za mayai, zile za mayai kumi na mawili. Mbili ziunganishe ubavu kwa ubavu kwa selotepu, umepata safu nne za vishimo sita. Ya tatu ikate vipande vya vishimo vinne vinne, viwili viongeze mwishoni. Safu nne za vishimo vinane, thelathini na mbili kamili, na kipande kimoja kinabaki. Kete ni maharage 64. Harage likidondoka kwenye kadibodi halitoi sauti, mama hatasikia kitu. Mimi hucheza na ndugu yangu aliye Pangani kwa simu kila saa mbili usiku. Kwao ni saa kumi na mbili asubuhi, ametoka kuvua. Kila mmoja ana bao lake, tunatajiana vishimo. Hilo ndilo limenivusha wiki hizi, tangu wenzangu wa Kanada walipokimbilia kwao mpaka ulipofungwa mwezi Machi na kambi ikabaki tupu.

Na usiku, mwanangu, usiku ndio mali yetu. Ukishafuturu, watoe. Jua likishazama kabisa (kabla ya hapo hapana, macho yataharibika), tazameni magharibi. Ile inayowaka kuliko nyota zote ni sayari ya Zuhura. Tafuta darubini hata ndogo ya kutazamia ndege, iegemeze juu ya boneti ya pikapu isitikisike. Mtaona Zuhura si duara, ni hilali, kama mwezi mchanga. Sababu ni kwamba inakuja kupita baina yetu na jua mwanzoni mwa Juni, na upande wake wenye mwanga unageukia kule kwenye jua. Hilali yake inarefuka na kukonda. Mwanzoni mwa Aprili ilipita katikati ya Kilimia, kile kishada cha nyota, niliitazama hadi ikazama. Kilimia chenyewe sasa kimemezwa na mwanga wa jua, kitarudi alfajiri mwezi wa Juni. Rukia achore Zuhura kila jioni, karatasi moja, kalamu moja, na tarehe. Jumamosi ya tarehe 23 mwezi mwembamba utakuwa chini magharibi jirani na Zuhura, na sayari ya Utaridi iko hapo hapo. Huenda ndio mwezi wa Idi. Tafuteni mahali ambapo milima haizibi.

Mkishamaliza nyota, nunua tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Nge wote wa jangwa hili wakimulikwa nayo wanang'aa kijani. Watoto wavae viatu vya kufunika, wakae nyuma yako, wasiguse. Hakuna katuni itakayowashinda hao nge.

Njia zikifunguka waleteni huku, kama saa nne za gari. Pana kaburi hapa lenye piramidi ya mawe na sanamu ya ngamia juu yake. Ni la Hajj Ali, Wamarekani walishindwa kulitamka jina hilo wakamwita Hi Jolly. Aliletwa mwaka 1856 kutoka dola la Waturuki kuja kuchunga ngamia wa jeshi la Marekani, walipokuwa wanajaribu kubeba mizigo kwa ngamia kwenye jangwa hili. Mradi ulikufa, yeye akabaki, akafariki hapa 1902. Mimi hupita pale nikamsomea Fatiha. Wasimulie watoto habari zake kabla hawajalala, wajue kwamba Mwislamu aliyetoka mbali alishaishi katika joto hili hili bila kiyoyozi.

---

DerevaWaMasafa (Malaba) – 12 Mei

Baba Rukia, mimi sina trela la kulala, nina kebini ya lori. Niko kwenye foleni ya kuingia Uganda nangoja majibu ya kipimo, na foleni yenyewe huioni mwisho. Tanboi wangu, msaidizi wa lori, alibaki Mombasa. Napika ugali kwenye kivuli cha trela, nasikiliza redio, nacheza drafti kwa visoda na jirani yangu wa mbele, tumekaa mbali mbali, kila mtu anasukuma visoda vya upande wake. Watu wa vijijini wanatuogopa kana kwamba sisi ndio ugonjwa wenyewe. Hilo linauma kuliko kungoja.

Nimesoma ya Mzee, ni mazito. Ila nimeona mtu mmoja hakutajwa, nawe ndiye. Mama anapata usingizi wake, watoto wanapata michezo, wewe je? Nakwambia kama mtu anayeishi kwenye kebini: ile pikapu yako ni chumba. Mama akiamka saa tisa, mwachie watoto, ingia humo, fungua madirisha kivulini, kaa saa moja peke yako. Soma Qurani, piga simu nyumbani, au usifanye lolote. Mtu asikufuate. Mimi kila asubuhi nanyoa, nabadilisha shati, hata kama lori halitasogea hatua moja. Mwanangu yuko darasa la tatu Voi, shule imefungwa. Kila jioni nampigia anisomee ukurasa mmoja. Akikosea namrudisha. Ndiyo shule yake hiyo.

---

BabaRukia – 16 Mei

Mzee wangu, shikamoo. Dereva, nashukuru sana, na Mungu awafungulie njia.

Tumehamia saa za alfajiri. Ule usiku wa kwanza walilia kwa kuwahi kulala, sasa Rukia ndiye anayeniamsha daku. Jana mama amelala mpaka saa tisa na nusu bila kukatizwa. Foili na feni zimesaidia mno. Pikapu pia naitumia, Dereva, na mke wangu mwenyewe ndiye ananifukuza niende.

Zuhura tumeiona kwa darubini tuliyoazimwa na mzee jirani. Aliiacha juu ya meza yetu akarudi kwake, tukaipangusa kwa spiriti. Rukia alibishana nami kuwa ni mwezi, mpaka nikamwonyesha kwamba mwezi haupo usiku ule. Ana karatasi nne tayari.

Bao limetengenezwa, lakini hapo naomba msaada. Mimi nililicheza utotoni Mombasa kwa kubahatisha. Najua kuna nyumba na kuna kete za mkononi, ila mpangilio wa kuanzia umenipotea, na Rukia hakubali kitu kisicho na sheria.

---

MzeeWaPangani – 16 Mei

Marahaba mwanangu. Mtoto anayedai sheria usimnyime.

Bao la wakubwa linaanza hivi: safu ya mbele, hesabu kutoka kushoto kwako, kishimo cha tano ndicho nyumba, weka kete sita. Cha sita na cha saba, mbili mbili. Zinabaki ishirini na mbili mkononi, na kila zamu unaingiza moja mpaka ziishe. Hiyo ni kunamua. Zikiisha ndipo mnaingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizomo vishimoni tu.

Lakini Rukia asianze na hilo. Mwekee bao la kujifunza: kete mbili kila kishimo, vyote thelathini na mbili, hakuna ya mkononi. Azoee kwanza kuona kete zake zikiishia wapi kabla hajazinyanyua. Akikufunga mara tatu mfululizo, hapo mhamishe kwenye la wakubwa, kisha nipe saa ambayo mama yake ameamka, nicheze naye kwa simu.