Misemo ya Kiingereza ya hali ya hewa: ipi niitumie kazini Glasgow, ipi niisikilize tu?

Nesi_Mtarajiwa

Wakuu, habari za humu. Mwezi wa kwanza naanza kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee Glasgow. Kiingereza cha mtihani nimefaulu, shida yangu ni misemo. Nimekusanya mingi ya mvua, upepo na theluji, lakini najua kuna iliyochuja, kuna ya Wamarekani, na kuna yenye matusi ndani yake. Naomba kujua nitakayoisikia kweli kwa wazee na wafanyakazi wenzangu, na ipi nisithubutu kuitamka. Na hii "raining cats and dogs" bado ipo?

Mkalimani_Clyde

Karibu, dada. Hiyo ya paka na mbwa iache. Kila mtu anaielewa ila wanaoisema ni wachache, ukiitoa utasikika kama unasoma kitabu. Mvua ikimwaga watu husema "it's pouring", "it's bucketing down" au "it's chucking it down". Glasgow utasikia pia "it's stoating": matone yanapiga lami na kudunda. Ukiingia ndani umelowa chapachapa, wewe ni "drookit". Matone ya hapa na pale ni "it's spitting". Manyunyu laini kabisa, yale yanayokulowesha bila wewe kushtuka, Waskoti huyaita "smirr".

Neno la kulishika kuliko yote ni "dreich": siku ya mawingu mazito, unyevu na baridi, jua halionekani kutwa. Hapa Mswahili ana bahati, maana "ch" ya mwisho ni ile "kh" ya kheri. Sema "drikh", usiishie kwenye "k".

Baridi kali ni "it's Baltic", kwa jina la Bahari ya Baltiki. Jua likitoka kidogo tu utasikia "taps aff", yaani mashati chini. Ni utani wa mtaani. Kwa mhudumu anayewavua na kuwavalisha watu nguo, usiutumie ukiwa na mgonjwa, asije akaelewa vingine.

Jingine muhimu: mtu akikuambia "Baltic, isn't it?" anakusalimia, sawa na habari za asubuhi. Kubali tu: "Aye, freezing!" Ukianza kumweleza kwamba jana baridi ilizidi, mazungumzo yanakufa hapohapo.

Kamusi_Hai

Mkuu hapo juu kamaliza ya mvua. Mimi naongezea ya kazini, kwa sababu huko kosa linaweza kumuumiza mtu.

"Under the weather" maana yake kujisikia vibaya kidogo. Hukaa na "feel", "be" au "look", na mara nyingi hutanguliwa na "a bit". Usibadilishe "the" kuwa "a". Mzee akikwambia "I'm feeling a bit under the weather", usiuandike msemo peke yake kwenye kumbukumbu zake. Uliza anaumwa wapi, tangu lini, amekula nini, mpime joto, kisha andika majibu. Wazee wengi wa kule hupunguza ukali wa maneno, na nyuma ya "a bit" panaweza kuwa na nimonia. Kwa upande wako, usiutumie kuwaeleza ndugu habari za kiharusi au saratani. Wataona unafanyia mzaha ugonjwa mzito.

Usiuchanganye na "under a cloud". Huo ni wa mtu anayeshukiwa. "She left under a cloud" maana yake aliondoka na tuhuma juu yake. Ukimsema hivyo mwenzako aliyekwenda nyumbani na mafua, umemchafulia jina.

"Right as rain" ni kupona kabisa: "You'll be right as rain by Monday." Usimwahidi hivyo mgonjwa ambaye daktari hajasema atapona. "Snowed under" ni kuzidiwa na kazi, kisha "with": "I'm snowed under with paperwork."

"It never rains but it pours" huwapotosha wengi kwa sababu ya "but". Hapo si "lakini", ni "ila": hainyeshi ila imwage. Husemwa matatizo yanapofuatana. Kwetu mvua ni neema, kwenye misemo yao mara nyingi ni balaa. Ndiyo maana "save for a rainy day" ni kuweka akiba ya siku ya shida.

Nesi_Mtarajiwa

Asanteni sana, hiyo ya "cloud" ningeingia nayo mkenge. Na "rain check" je? Pia nasikia wazee wanataja joto kwa namba kubwakubwa.

Pepo_za_Kusi

"I'll take a rain check" ni ya Wamarekani, ilitoka kwenye besiboli ya karne ya 19: mechi ikivunjwa na mvua, mtazamaji alipata kipande cha tiketi cha kurudia siku nyingine. Leo ni kukataa mwaliko kwa adabu. Waingereza wanaielewa, ila ukimaanisha "nitakuja", wao watasikia "siji". Sema wazi: "Can we do it next week?"

Namba kubwa ni Farenhaiti, wazee bado wanaitumia hasa wakati wa joto. "In the eighties" ni kama nyuzi 27 hadi 32 za Selsiasi. Ukitaka hesabu kamili, toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9.

Ya kutotamka: "pissing down" ni lugha chafu, iache hata kama wenzako wote wanaisema. "Brass monkeys" inaonekana safi, lakini ni kipande cha msemo mrefu unaotaja korodani za nyani wa shaba kukatika kwa baridi. Mzee akikwambia "brass monkeys today, hen", anasema baridi imezidi, na "hen" ni namna ya Glasgow ya kumwita mwanamke kwa upole. Mjibu "freezing", umfungie dirisha.