Tathmini ya huduma za wazee: mama kasema "nasikia zipo", wao wakajaza "anafikiwa"

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Alikuja mtu wa tathmini na kishikwambi chake, anapima fedha na huduma za wazee kwenye eneo letu. Mama ana miaka 81, goti la kulia halikunjiki, presha anayo. Akaulizwa: "Unafahamu huduma za wazee zilizopo karibu nawe?" Mama akajibu, "Nasikia zipo, mwanangu." Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikaona kidole kinagusa "Ndiyo", kisha swali jingine. Hakuulizwa anafikaje kituo cha afya, nani anamsindikiza, wala mara ngapi amerudi bila dawa.

Sasa ripoti imetoka. Wazee "wanaofikiwa na huduma" ni wengi, na mama yangu kahesabiwa humo! Tangu lini kusikia kukawa kufikiwa?

Kwenye pesa ndiyo kabisa. Ripoti nzima inataja kilichotengwa. Fungu kutengwa si kutolewa, na likitolewa bado halijamfikia mzee. Posho za vikao na semina zimerundikwa mstari mmoja na dawa na huduma za nyumbani, huwezi kujua kipi kimekula nini. Nilienda ofisini kuuliza kilichotoka ni kiasi gani, nikaambiwa nisubiri robo ijayo.

Linaloniuma zaidi ni hili: maoni mengine yalichukuliwa kwenye mkutano ukumbini. Anayefika ukumbini ni mzee anayetembea. Yule wa kitandani, anayegeuzwa na mkwe wake usiku asitoke vidonda, hakuwapo, na ndiye aliyepaswa kuanza kuulizwa. Halafu wote wametiwa kapu moja, "miaka 60 na kuendelea". Mwenye 61 bado anabeba zege, mwenye 88 hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Wastani wa hao wawili unamsaidia nani kupanga bajeti?

Umoja wa Mataifa ulitangaza 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kuzeeka kwa afya njema, na huduma ya muda mrefu kwa wazee wanaoihitaji ni moja ya mambo manne ya kushughulikiwa. Muongo umevuka nusu, huku bado tunauliza kama mzee "anafahamu".

Nimeandika barua, nataka jibu la mama lifutwe na arudiwe kuulizwa nikiwepo. Kama mzazi wako naye alihojiwa, nenda ukadai kuona walichomjazia.